Harusi Unguja watu 45 au ukumbi Moshi watu 400? Naomba ushauri kabla kamati haijakaa

Njiapanda
Wakuu, habari za majukumu. Harusi ni Septemba mwakani. Mimi niko Dar, mwenzangu ni wa Kibosho, Moshi, sote Wakatoliki. Mahari imetolewa nusu. Mkononi tuna milioni 18 zetu wenyewe. Mawazo ni mawili: ukumbi Moshi na kamati na michango, watu 400, au ufukweni Paje, watu 45, bila kamati. Baba mkwe ameshasema harusi bila ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) hiyo ni pikiniki. Je, ndoa ya kanisa inafungika ufukweni? Na michango tuchangishe au tuache? Nawasilisha.

Mweka Hazina
Michango na harusi ya ng'ambo ya maji havikai chungu kimoja. Mtu akitoa laki moja anajua amenunua kadi ya single: kiti, sahani, vinywaji. Ukimwambia sasa ajilipie boti na chumba, umemtoza mara mbili. Asipoenda, atasema mmekula hela yake, na kwa kweli hatakuwa amekosea. Ukienda Unguja usitoe hata kadi moja ya mchango. Wanaotaka kutoa wapokee kama zawadi, bila daftari la ahadi.

Halafu piga hesabu ya vitanda kabla ya kitu chochote. Watu 45 ni vyumba 23 vya wawili wawili. Usiku mbili ni sawa na kulipia vyumba 46. Mfano chumba laki na nusu, hiyo ni 6,900,000 kabla hujapika wali. Kama hamtalipia vyumba, waambieni wageni miezi sita kabla, kwa maneno ya wazi. "Mtajua mkifika" ndiyo inayovunja undugu.

Katekista Mstaafu
Ufukweni hapana. Ndoa ya Wakatoliki wawili mahali pake ni kanisani, kwa kawaida parokia ya mmojawapo. Mkitaka Unguja kuna kanisa la Minara Miwili pale Shangani, Mji Mkongwe, lakini lazima paroko wenu atoe ruhusa kwa maandishi. Andaeni vyeti vya ubatizo vilivyotolewa upya ndani ya miezi 6 (kile cha utotoni hakionyeshi kama umeshafunga ndoa), kipaimara, mafundisho ya ndoa, mashahidi wawili, na matangazo ya Jumapili tatu. Anzeni miezi minne kabla.

Wanaofikiria ya serikali: bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, na usajili uko RITA, wakala wa serikali wa usajili. Zanzibar ina sheria zake na usajili wake. Usijaze fomu za bara ukadhani zitavuka na boti.

Mwana wa Makunduchi
Nyote mmesahau bahari. Paje maji yakitoka yanakwenda mbali kabisa, mnabaki mnatazama matope na mashamba ya mwani. Kwa hiyo tarehe chagueni kwa mwezi angani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvu, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na kwetu bamvu hujaa karibu na saa 10 jioni. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mpevu maji yanajaa saa 11 hivi, ndiyo saa ya sherehe. Siku nne au tano kabla ya mpevu, jua likizama maji yako mbali.

Lakini bamvu lina adabu yake. Maji yakijaa hasa, hoteli nyingine hubaki na mchanga wa upana wa mkeka. Mkienda kukagua, tafuteni ule mstari wa mwani mkavu uliobwagwa na maji ya jana. Viti vyote vikae juu yake. Fundi wa jukwaa asiyeujua mstari huo atawalowesha wakwe.

Septemba upepo wa kusi bado unavuma upande wa mashariki. Ndiyo maana Paje imejaa watu wa kite, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Maikrofoni bila sponji haisikiki, na kitambaa kikubwa cha nyuma ya jukwaa kinageuka tanga. Tumieni kitambaa chepesi chenye matundu, nguzo zichimbiwe hadi magotini na mifuko ya mchanga chini. Mishumaa sahauni. Tena Paje inatazama mashariki, jua linazama nyuma ya hoteli. Mkitaka picha ya jua likizama baharini, nendeni Kendwa, kaskazini mwa Unguja; na huko maji hayatoki mbali hivyo.

Jikoni Hadi Ukumbini
Keki isafiri ngazi kwa ngazi, kila moja boksi lake, ipangwe hotelini. Ikipangwa Dar, mtikisiko wa boti unaikata katikati na krimu ya siagi inateremka na joto. Gauni lishikwe mkononi, lisiende na mizigo.

Kwenye mkataba wa hoteli ulizeni: muziki unazimwa saa ngapi, ada ya MC na mpiga picha wa nje, ukumbi wa akiba mvua ikinyesha, na siku ya mwisho ya kupunguza idadi. Vinywaji msibebe kreti kutoka Dar kabla hoteli haijakubali. Na ufukwe ni wa watu wote, papasi (vijana wanaofuata watalii) watasimama pembeni kutazama. Wekeni mlinzi mpole, si mkali.

Njiapanda
Asanteni sana. Tuseme tunakwenda. Ndafu ya mzee inakuwaje? Na bibi ana miaka 81, magoti mabovu. Shemeji naye anatoka Uingereza, pasipoti ya huko.

Mweka Hazina
Ndafu iende kwenye sendoff, Kibosho. Ile ni shughuli ya ukweni, ina kamati yao na michango yao, na mzee ndiye mwenyeji. Kadi ziandikwe SENDOFF peke yake. Lakini maliza mahari kwanza. Huwezi kuomba wazee wavuke maji huku unadaiwa. Ukiniuliza mimi, ndoa nayo ningeifunga kanisani hukohuko kesho yake, Unguja ikabaki karamu ya watu 45 tu. Bibi anaona ndoa bila kupanda boti.

Mwana wa Makunduchi
Naunga mkono. Bibi akitaka kwenda, ndege kutoka KIA, si boti la Septemba. Na kiti chake kisikae mchangani, miguu ya kiti inazama. Wekeni ubao chini. Shemeji akate bima ya Zanzibar mtandaoni kabla ya kusafiri, dola 44, wageni wa nje wanadaiwa tangu Oktoba 2024.

Njiapanda
Nimeongea na mwenzangu. Kibosho ndoa na ndafu, Kendwa karamu. Sasa naitafuta kalenda ya mwezi ya Septemba.