Naomba ushauri: mbwa wangu anaweza wudikoku, grausi wanamshinda

Mpate wa Lewiston
Wakuu, asalaam aleikum na habari za huko mliko. Niko Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Majani yameshageuka rangi na msimu wa kuwinda ndege umefunguliwa. Nina mbwa jike aina ya English setter, mbwa wa kuwinda anayesimama tuli akinusa ndege ili kukuonyesha alipo, ana miaka 2. Jirani yangu, mzee aliyewinda maisha yake yote, ndiye aliyenionyesha namna ya kumfundisha. Sasa magoti hayamruhusu tena, kwa hiyo naingia msituni na mbwa tu.

Kwa wudikoku, yule ndege wa kahawia jamii ya sululu mwenye mdomo mrefu, sina malalamiko. Njuga ya shingoni mwake inanyamaza, namkuta mbwa kakaza mkia, mguu mmoja juu, na ndege haruki mpaka nimfikie kabisa. Tatizo ni grausi, hawa wanaofanana na kwale. Mbwa anasimama vizuri, kisha anajisogeza kidogo, na kabla sijafika nasikia mbawa zinaunguruma nyuma ya misonobari, naye mbio nyuma yake. Nifanyeje? Nimvishe kola ya umeme, ile ya kumshtua kwa rimoti?

La pili: sisi ni Mashafii. Ndege aliyebebwa na mbwa mdomoni mke wangu hataki aingie jikoni. Wenye elimu nisaidieni.

Seta Mbili
Kaka, mbwa wako hana kasoro. Wudikoku anategemea rangi yake: kafanana na majani makavu, na macho yamekaa nyuma sana kichwani hata anaona kinachotokea mgongoni. Kwa hiyo analala palepale. Grausi akimhisi mbwa anaondoka kwa miguu, anapita chini ya matawi, halafu anaruka akiwa ameshaweka mti kati yenu. Mbwa aliyejifunzia kwa wudikoku amezoea kusogea hadi karibu. Kwa grausi lazima asimame kwenye harufu ya kwanza, hata kama ndege yuko mita 20.

Hilo atafundishwa na grausi wenyewe, kola iache. Wewe una kazi moja: grausi aliyerushwa na mbwa usimpige, hata akikupitia waziwazi. Piga yule tu ambaye mbwa alimsimamia akatulia. Ukimwangusha wa kukimbizwa, umemlipa mbwa mshahara wa kukimbiza.

Na usimfuate mbwa kwa nyuma. Zunguka kwa mbali utokee mbele yake, ndege abaki katikati yenu akose pa kutembelea. Usipige filimbi, usimsemeshe. Sauti ya mtu ndiyo inayowarusha mapema.

Kaskazini Michigan
Naafiki yote isipokuwa la kola. Mbwa akishaijua amri ya kusimama, kola iliyowekwa kwenye nguvu ya chini kabisa haina ubaya. Asiyeijua amri, hapo kweli utamharibu: atadhani ndege ndiye aliyemuumiza, na kesho yake atawakwepa ndege.

Ila kubwa kwangu ni mahali. Mbwa anajifunza kwa kukutana na ndege wengi. Tafuta msitu wa aspeni uliokatwa miaka kumi hivi iliyopita, miti myembamba iliyosongamana, na vichaka vya alda kwenye ardhi yenye unyevu. Wudikoku wanataka udongo laini wa kuchomeka mdomo watafute nyungunyungu. Ukiona madoa meupe ya kinyesi chini na vitundu vidogo ardhini, uko kwao. Grausi kawatafute pembeni mwa barabara za wakata mbao na kwenye mitufaha ya mashamba yaliyoachwa. Ukimpata mmoja, mpasue gole, ule mfuko wa chakula shingoni. Ukikuta majani ya klova, fuata klova. Ukikuta vipande vya tufaha, nenda kwenye mitufaha. Mimi hupanga mchana wangu wote kwa kilichomo kwenye gole la ndege wa asubuhi.

Bin Swaleh
Ndugu yangu, windo la mbwa aliyefundishwa limetajwa wazi katika aya ya 4 ya Suratul Maida. Masharti: awe amefundishwa, wewe ndiye uliyemtuma, umtaje Mwenyezi Mungu, na asile alichokamata. Kwako mbwa anaonyesha tu, anayeua ni marisau, basi piga Bismillahi unapofyatua. Wanazuoni wengi wa leo wanakubali risasi kwa kuwa inatoboa. Ukimkuta ndege yu hai, mchinje.

Kuhusu mate, shemeji ana hoja. Katika madhehebu yetu pale alipouma mbwa ni najisi, lakini panaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, na nyama inaliwa. Ukitaka wepesi, muokote ndege mwenyewe.

Mpate wa Lewiston
Allah akulipe kheri, shekhe. Kwa wudikoku hapatakuwa na shida, maana mbwa mwenyewe anasimama juu yake na hataki kumtia mdomoni. Grausi nitamzuia asilete.

Mama Mifugo, Minnesota
Mbwa wengi wanakataa kumbeba wudikoku, usijali. Mimi naongeza usalama. Wudikoku ni ndege wa kuhama, analindwa na sheria ya shirikisho: 3 kwa siku, na bunduki isibebe zaidi ya risasi 3, kwa hiyo weka kizibo kwenye magazini. Maine grausi ni 4, na Jumapili hakuna kuwinda. Novemba, msimu wa bunduki wa kulungu, sheria ya huko inadai vipande viwili vya rangi ya machungwa inayong'aa; mvishe na mbwa kizibao. Ndege aliye chini usimpige kabisa, subiri uone anga nyuma yake, kwa sababu hujui mbwa yuko wapi kichakani.

Mkague kupe kila jioni, masikioni na kwapani. Wale wa ugonjwa wa Lyme wanatembea hadi Novemba. Na beba koleo, msitu wa Maine una nungunungu. Miiba usiikate, hiyo dhana kwamba ukiikata inalegea si kweli. Mshike mbwa vizuri, bana mwiba karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Iliyo kooni au karibu na jicho iache, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo.