Wajukuu wa Majengo

Alhamisi

18:41 Shangazi Rukia: Assalaam alaykum nyote. Tovuti ya KUCCPS, ya kuombea nafasi za chuo, inafunga kesho usiku na Zaina bado hajaamua kozi ya kwanza. Toeni maoni hapa hapa, sitaki kupigiwa simu na mmoja mmoja. La pili ni laptopu. Kila nyumba 5,000.

18:42 Shangazi Rukia: Naona tiki za bluu.

18:58 Shangazi Rukia: Jamani.

19:03 Ami Juma: Waalaykum salaam. Asome udaktari.

19:04 Shangazi Rukia: Juma, biolojia mtoto hakufanya. Ana B+ ya hesabu na B ya fizikia, na ni kompyuta anayotaka. Kuna sayansi ya kompyuta, kuna uhandisi wa programu, kuna teknolojia ya habari. Yusuf yuko wapi? Hiyo ndiyo kazi yake.

19:06 Ami Juma: Uhandisi basi. Tupate Injinia nyumbani, posa zipange foleni hadi Gikomba.

19:06 Mama Swaleh: 😂😂

19:07 Shangazi Rukia: Hapa hatuzungumzii posa.

19:40 Yusuf: Shikamoo shangazi, ndio natoka kazini. Ami, mainjinia wanaosajiliwa na bodi ni wale wa miaka 5: umeme, ujenzi, mitambo. Hii ya programu ni miaka 4, sawa na sayansi ya kompyuta. Kadi za harusi zisubiri.

19:44 Yusuf: Zaina, majina yasikutishe. Mwaka wa kwanza karibu ni ule ule kote: kalkulasi, mantiki na seti, takwimu, na lugha moja ya kuandikia programu. Sisi tulianza na C na mtihani tukaandika kwa kalamu. Ukisahau nukta mkato mwalimu anakata alama, na mashine ya kukukumbusha haipo.

19:49 Yusuf: Njia zinaachana baadaye. Sayansi inakushusha chini kabisa: kompaila inavyogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine, mfumo endeshi unavyogawia kila programu kumbukumbu, nadharia ya otomata (mashine za kufikirika za kukokotoa), kuthibitisha kwa hesabu kwamba njia hii ya kupanga orodha itamaliza mbele ya ile. Uhandisi ni kumhoji mteja ujue anataka nini, kusanifu, kujaribu, kukadiria muda, na watu 6 kuandika programu moja bila kuharibiana kazi. Teknolojia ya habari ni mitandao, sava na mifumo ya ofisi, hesabu zake nyepesi kidogo.

19:53 Mama Swaleh: Kujaribu nako kunasomewa chuo kikuu?

19:57 Yusuf: Kunasomewa sana, mama mdogo. 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka haijamaliza hata dakika angani. Programu ilitolewa kwenye Ariane 4 ikapachikwa humo, na hakuna aliyeijaribu kwa mwendo wa roketi mpya. Namba ikakua, ikalazimishwa kuingia nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ikakataa.

19:58 Ami Juma: Kumbe Zaina anaenda kurusha roketi! Ataianzishia uwanja wa Kamukunji?

19:59 Mama Swaleh: Mradi si Gikomba, moto wa pale unatosha.

20:00 Idi: 🚀🚀🚀

20:01 Shangazi Rukia: TUNAOMBA UTULIVU. Zaina, wewe mwenyewe unasemaje?

20:09 Shangazi Rukia: Zaina.

20:15 Zaina: Shikamooni. Mimi napenda hifadhidata, zile za kupanga na kutunza taarifa tulizofanya kidato cha 4.

20:20 Yusuf: Hizo ziko kozi zote, na ni somo tamu. Chukua mtu anatuma 5,000 kwa simu. Kwake zimeshakatwa, kwa mwenziwe hazijaingia, umeme unapotea kwenye mashine. Humo unafundishwa kuyafunga matendo yote mawili yawe moja. Ama yatimie yote, ama yafutwe yote, salio lirudi lilivyokuwa. Hakuna pesa ya kuning'inia katikati.

20:22 Mama Swaleh: Ingekuwako programu hiyo mwaka ule wa mchango wa Hamisi. Kwetu zilitoka, chuoni hazikuingia.

20:22 Ami Juma: Ewe!

20:23 Shangazi Rukia: Mama Swaleh, si leo.

20:25 Mama Swaleh: Nasema tu. Tunaitishwa nyingine na za kwanza hatujaambiwa.

20:31 Hamisi: Nimeona.

20:32 Hamisi: Miaka yote hii sisemi kitu humu. Ile laptopu mnajua iko wapi. Muulizeni aliyeipeleka dukani.

20:33 Ami Juma: Hamisi, usiandike na hasira mwanangu.

20:44 Bi Mkubwa: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

20:46 Ami Juma: Niko kwa matatu. Nani atuandikie?

20:53 Swaleh: Naandika alivyosema. "Karo ya Hamisi niliilipa mimi, kwa bangili za mama yangu. Nikamwambia asiseme, na hakusema. Mwenye kudai anidai mimi, mlango wangu u wazi baada ya Isha. Na huyu mtoto asome, mimi hayo ya kompyuta siyajui, ila asilale njaa ugenini." Halafu amekohoa, ikakatika.

21:26 Mama Swaleh: Nimesikia, mama.

21:37 Idi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

21:38 Ami Juma: Tumeshauona, Idi.

21:45 Shangazi Rukia: Haya, laptopu. Zilizofika: yangu na ya Yusuf. Juma ameahidi. Waliobaki mnanisoma tu.

21:48 Yusuf: Msikimbilie mpya. Ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, itamtosha. Nitaenda naye mwenyewe maduka ya Luthuli, asiende peke yake wakamuuzia jumba bovu.

21:55 Hamisi: Niandikeni 10,000. Naomba ziende kwa Zaina moja kwa moja.

21:56 Shangazi Rukia: Mweka hazina ni mimi, Hamisi.

21:56 Hamisi: Najua, shangazi.

22:10 Zaina: Shangazi, nimeweka sayansi ya kompyuta Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza. Ya uhandisi niliyoipata iko mbali, itataka kodi ya chumba. Lakini Yusuf alivyoeleza hayo ya kujaribu, moyo umeanza kwenda huko.

22:11 Shangazi Rukia: Umeshatuma?

22:11 Zaina: Bado.

22:14 Yusuf: Angalia kwanza pointi za klasta za mwaka jana, zile alama za kuingilia kozi zinazohesabiwa juu ya 48. Chiromo inakimbiliwa na wengi.

22:16 Shangazi Rukia: Asitume mpaka tukae. Kikao Jumapili kwangu, baada ya Adhuhuri.

22:17 Yusuf: Shangazi, inafunga kesho.

22:21 Shangazi Rukia: Kikao ni cha laptopu.

Ijumaa

06:12 Mama Swaleh: Nina 3,000 kwa sasa. Nitume kwa Rukia au kwa Zaina?

06:40 Shangazi Rukia: Kwangu.

06:41 Hamisi: Kwa Zaina.