Kutafiti imani za walimu kuhusu jiometri, kuna ajira?

Mwl_Igoma: Wakuu habari, nafundisha hesabu sekondari hapa Mwanza, nataka nikasome masta nichunguze walimu tunaamini nini kuhusu kufundisha jiometri maana wengi tunakaririsha tu. Mbele kuna kazi?

Mzee wa Nyegezi: Ipo mwalimu, vyuo vya ualimu na vyuo vikuu. Anza na van Hiele, mtu na mkewe, Waholanzi, tangu 1957 walionyesha uelewa wa jiometri unapanda kwa ngazi, mtoto anaanza kulijua umbo kwa macho tu, sifa zake baadaye.

Binti Kirumba: Kweli kabisa, juzi nimechora mraba nikauinamisha, darasa zima "madam huo sio mraba!" Mwenzangu ananiambia waache wakariri, hawana kichwa cha hesabu. Hiyo imani ndo ya kutafiti kaka, usigawe dodoso tu, kaa nyuma ya darasa uone, mdomo na chaki haviendani.

Mwl_Igoma: Asante dada, hilo nimelibeba.