Ushauri wenu: ukinzani wa NACA 0012 unazidi, ilhali unyanyuaji uko sawa

Mwenye uzi: Wakuu, salaam. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni kukokotoa kwa kompyuta mtiririko wa hewa kuzunguka bawa la NACA 0012 (umbo la kawaida la majaribio, lenye pande za juu na chini zinazolingana), kwa programu huria ya OpenFOAM na modeli ya misukosuko ya hewa ya Spalart-Allmaras, namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo wa hewa na za mnato wake) ikiwa milioni 6. Katika mwinamo wa nyuzi 10, kizigeu (namba isiyo na kipimo) cha unyanyuaji ni 1.08, karibu kabisa na 1.09 iliyochapishwa na NASA kwa modeli hiyohiyo, lakini cha ukinzani ni 0.0150 badala ya 0.0123. Msimamizi wangu alishauri niongeze seli, yaani vipande vidogo vya gridi ambamo hewa inakokotolewa. Nimeongeza na namba hazikutikisika. Je, nibadilishe modeli?

Kipepeo: Jaribu modeli nyingine ya misukosuko, k-omega SST ya Menter, mkuu. Wengi ndiyo wanayoitumia.

Mzee wa Gridi: Samahani Kipepeo, hapo tutakuwa tunatibu ugonjwa tusioupima, kwani NASA walipata 0.0123 kwa modeli hiyohiyo anayoitumia. Mwenye uzi, katika nyuzi 0 unapata ngapi, na mpaka wa nje wa gridi uko umbali gani kutoka kwenye bawa?

Mwenye uzi: Napata 0.0083, na wao 0.0082. Mpaka uko mara 15 ya upana wa bawa, toka ncha ya mbele hadi ya nyuma.

Mzee wa Gridi: Basi mtuhumiwa wa kwanza ni mpaka. Bawa linaponyanyua huizungusha hewa, na mzunguko huo hufifia polepole sana kadiri unavyokwenda mbali. Ukiilazimisha hewa ya mpakani iende mnyoofu ilhali ilipaswa kuwa imepinda kidogo, kani ya kunyanyua inalala nyuma kidogo na sehemu yake inahesabiwa kuwa ukinzani. Katika nyuzi 0 hakuna unyanyuaji, ndiyo maana kosa halionekani. Gridi ya NASA inafika karibu mara 500. Usogeze mpaka hadi mara 100, kisha 500, seli za karibu na bawa zikibaki zilezile, na y+ (kipimo cha jinsi seli ya kwanza ilivyo karibu na uso wa bawa) isizidi 1.

Binti Kaskazi: Nyongeza: utakapolinganisha na vipimo vya handaki la upepo, chagua vile ambavyo bawa lilibandikwa ukanda wa chembe za kukwaruza ili kuivuruga hewa mapema, kwa sababu modeli yako huichukulia hewa kuwa na misukosuko tangu ncha ya mbele. Bawa laini lina ukinzani mdogo zaidi, takriban 0.006 katika nyuzi 0, na mtahini atakuuliza tofauti hiyo imetoka wapi.

Mwenye uzi: Nashukuru sana. Gridi ya mara 100 naianza usiku huu.