MREJESHO: Nyumba ya Dubai nikiwa naishi Dar

Wakuu habari, niliuliza hapa kama Mtanzania asiye mkazi anaweza kununua apatimenti Dubai, na kuna dalali alikuwa ananiharakisha nitume hela ya bukingi kwenye akaunti yake binafsi. Asanteni sana mlionizuia, sikutuma hata mia.

Jibu ni kwamba inawezekana kabisa ila ni kwenye maeneo ya frihodi tu (yaliyotengwa ambako mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja), kama Dubai Marina au Jumeirah Village Circle, huko mgeni anapata hati kwa jina lake na wala huhitaji kuwa na viza ya ukazi. Nyumba yangu bado inajengwa kwa hiyo hela inaingia kwenye akaunti ya eskro ya mradi wenyewe (akaunti maalum, hela yake ni ya kujengea mradi huo tu), sheria yao ya 2007 ndo inavyotaka, na nilihakiki mradi kwenye programu ya Dubai REST ya idara yao ya ardhi. Usajili wa awali unaitwa Oqood, hati kamili inakuja jengo likiisha.

Sasa gharama, hapa ndo watu wanaumia. Ada ya idara ya ardhi ni asilimia 4 ya bei, na ukinunua iliyokwisha jengwa dalali kwa kawaida anachukua asilimia 2 nyingine ya bei, halafu kila mwaka kuna sevisi chaji (ada ya kutunza jengo) inayopigwa kwa futi za mraba, iulize kabla hujasaini maana inakula kodi ya mpangaji vibaya sana.

Mkuu uliyeuliza Golden Visa (viza yao ya ukazi wa muda mrefu), kwa kununua nyumba inaanzia nyumba ya dirhamu milioni 2, yangu haifiki huko.