Naomba ushauri: mpiga dramu wa roki nataka kutoka peke yangu

Wadau, hamjambo. Nimepiga dramu kwenye bendi ya roki hapa Nairobi miaka 6. Januari bendi ikavunjika, wa gitaa na wa besi wakaenda zao, nikabaki na vijiti na nyimbo 8 kichwani. Nataka kuzitoa kwa jina langu.

Najua Dave Grohl, mpiga dramu wa bendi ya Nirvana, alirekodi albamu ya kwanza ya bendi yake Foo Fighters mwaka 1994 akipiga karibu vyombo vyote mwenyewe. Lakini yule gitaa analijua. Mimi kodi (chords) zangu za gitaa ni nne tu, na sauti yangu, kwa maneno ya mke wangu, ni ya kuitia abiria stejini.

Nina shilingi 40,000. Dramu zinataka chumba kizuri na maikrofoni kama nne: ya kiki (dramu kubwa ya mguu), ya sneya (ile ndogo ya mbele yangu) na mbili za juu ya dramu zote. Nilipie studio siku moja nimalize dramu zote, mengine nirekodi nyumbani? Au nitoe wimbo mmoja kwanza? Na mpiga gitaa wa kukodi, mnamlipa kwa wimbo au mnagawana haki za utunzi? Bendi yetu ilikosania hapohapo.