Fataki za jubilei kwa muziki: tuwashe kwa mkono, kwa waya au kwa redio?

FundiKatuba
Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Parokia yetu inatimiza miaka 50 mwishoni mwa mwezi wa nane, na kamati imenikabidhi fataki: dakika 10, zifuate nyimbo za kwaya yetu. Mimi ni fundi umeme, nyumba na jenereta nazijua, lakini fataki sijawahi kuzifunga. Nimeletewa bei tatu. Ya kwanza, vijana wanawasha kwa mkono, matufe makubwa ya milimita 150, yale yanayorushwa juu kutoka kwenye mirija. Ya pili, kisanduku cha kuwashia kwa waya, matufe ya milimita 75. Ya tatu, visanduku vya redio, ghali kuliko zote. Kamati inapenda ya kwanza kwa ukubwa wake. Niambieni ukweli.

YayaKolwezi
Kama mnataka zifuate nyimbo, ya kwanza iondoe leo. Utambi wa mkono hauna saa: huu unachukua sekunde nne, ule wa pembeni sita. Halafu tufe lenyewe la milimita 75 linapanda kama mita 90 na linakaa hewani karibu sekunde tatu kabla ya kupasuka. Kwaya ikifika kwenye "Aleluya", moto ulitakiwa uwe umeshafika kwenye mrija sekunde tatu nyuma. Nani ataifanya hesabu hiyo gizani, mara mia? Programu kama Finale 3D inaifanya: unaipa wimbo, unaonyesha mahali ua lichanue, yenyewe inarudi nyuma na kupanga saa ya kuwasha.

Mlio usikusumbue. Anayesimama mita 340 anausikia sekunde moja baada ya kuona mwanga. Panga mwanga uende na ngoma.

MamaKampemba
Mimi naongea juu ya mirija. Mwaka juzi kwenye harusi ya mdogo wangu vijana walisimika bomba la maji la PVC kwenye udongo laini. Tufe la tatu lililaza bomba, la nne likatoka chinichini na kupita chini ya meza ya keki. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kitenge changu kina tundu la moto mpaka leo. PVC ikipasuka inatoa vipande vikali kama visu. Dai mirija ya HDPE, plastiki nyingine hiyo, ifungwe kwenye fremu za mbao, fremu zipigiliwe vigingi na kuwekewa magunia ya mchanga. Na mwezi wa nane majani yote ni makavu: fyekeni, mwagieni maji, wekeni mapipa yaliyojaa.

MlipuajiWaZamani
Mwanangu Fundi, nimelipua miamba mgodini miaka 22. Fataki si mwamba, lakini kiberiti cha umeme, kile kidogo kinachowasha utambi wa tufe mkondo ukipita, na kile tulichotumia sisi ni watoto wa baba mmoja. Chukua waya. Redio inafaa pale mirija imetawanyika, juu ya mapaa au ng'ambo ya maji. Ninyi mko kwenye uwanja mmoja, mita 100 za waya zinatosha, na waya unaufuata kwa mkono wako mpaka mwisho.

Hapo ndipo mafundi wa nyumba wanapoteleza. Kiberiti kimoja kina kama omu 2. Funga 10 mfululizo, yaani kimoja baada ya kingine kwenye njia moja ya waya, ni omu 20. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi mita 200, unaongeza 7. Gawa volti 12 kwa 27: hupati hata nusu ampea, na vikiwa mfululizo vinataka kama ampea 1. Kile chepesi kitawaka, kitakata njia, na vingine vitalala na baruti yake mrijani. Nimekaa usiku kucha na mashimo yaliyolala, sitaki ukae hivyo. Tumia volti 24, funga vitano vitano.

Pima kila mstari, lakini si kwa mita yako ya kila siku. Iko mita ya kupimia viberiti, mkondo wake ni mdogo sana. Wakati wa kupima, uwanja uwe mtupu. Ncha za waya zikae zimesokotwa pamoja mpaka dakika ya kuunga. Ufunguo wa kisanduku ukae mfukoni mwa yule anayeinama kwenye mirija, asiachiwe aliyekaa kwenye vitufe. Na mrija hauchunguliwi, hata siku moja. Tufe likilala, subirini, kisha lilowesheni maji.

Tena weka mlinzi. Waya wa shaba hapa kwetu haulali nje.

MwanaRuashi
Muulize muuzaji juu ya bluu. Nyekundu inatoka kwenye madini ya strontiamu, kijani kwenye bariamu, na bluu inatoka kwenye shaba yetu hii. Ni rangi ngumu kuliko zote, moto ukizidi inafifia. Heri matufe madogo yenye bluu safi kuliko makubwa yanayong'aa meupe tu. Na redio za mtaa zitangaze siku tatu mfululizo. Watu wengi hapa wamewahi kulala chini ya kitanda kwa milio ya risasi, msiwarudishe huko.

FundiKatuba
Asanteni sana. Leo jioni nilikwenda uwanjani na kamba. Kutoka mahali pa mirija hadi ukuta wa shule ni mita 95. Kanuni ya Marekani ya maonyesho ya fataki, NFPA 1123, inadai umbali hadi kwa watu wa kama mita 21 kwa kila milimita 25 za tufe: la 150 linahitaji mita 128, la 75 linahitaji 64. Nilimpeleka mwenyekiti mwenyewe, akashika ncha ya kamba, akaona inapoishia. Tunachukua waya na 75. Milio mikubwa nimeifuta, maana zahanati iko nyuma ya shule.

Papa Mlipuaji, Jumamosi niko huru. Nije na roli ya waya na viberiti vitano vitupu, unionyeshe kupima?

MlipuajiWaZamani
Njoo asubuhi, kabla ya jua kali. Simu uiache kwa mama mlangoni.